Kusaka kasoro katika programu za Haskell

HASKELL ni lugha ya kuundia programu za tarakilishi ambayo wataalamu waliamua kuibuni mwaka wa 1987, na toleo lake la kwanza likatolewa mwaka wa 1990. Ilipewa jina la Haskell Curry, mtaalamu wa mantiki kutoka Marekani. Mwaka wa 2019 kampuni ya IOHK iliwafundisha lugha hiyo wanawake kutoka Ethiopia na Uganda, mjini Addis Ababa.

Sifa yake kuu ni usafi. Kanuni ikipewa data ileile hurejesha jibu lilelile, na hairuhusiwi kufanya jambo jingine pembeni, hata kuandika neno moja kwenye skrini, bila kutangaza hivyo waziwazi. Sheria hiyo humtatiza anayesaka kasoro, maana katika lugha nyingi ni desturi kuchomeka amri ya kuchapisha popote na kutazama programu inavyokwenda.

Chukulia programu ya kukokotoa nauli ya matatu kutoka Kitengela hadi Kajiado. Kitengela hadi Isinya ni Sh80, Isinya hadi Kajiado Sh100, lakini abiria anatozwa Sh160. Mwenye gari anapunjika Sh20 kwa kila abiria, na msimbo hauonyeshi kosa lilipo.

Kwa hali kama hiyo Haskell ina mlango wa nyuma: moduli ya Debug.Trace, yenye kanuni iitwayo trace. Kanuni hiyo hupokea ujumbe na thamani. Huirejesha thamani kama ilivyo, na wakati uo huo huutoa ujumbe kwenye mkondo wa makosa. Ikiwekwa kwenye kila sehemu ya safari, itaonyesha 80 na 80. Basi kosa liko kati ya Isinya na Kajiado.

Hata hivyo, mpangilio wa ujumbe huo si wa kutegemewa. Haskell ni mvivu, haikokotoi kitu mpaka kihitajike. Ujumbe wa Isinya waweza kutangulia ule wa Kitengela. Nauli isiyoulizwa haitoi ujumbe wowote, na iliyokwisha kukokotolewa na kuhifadhiwa hukaa kimya ikitumiwa tena. Wanagenzi wengi hudhani programu imeruka hatua, kumbe sivyo.

Trace yenyewe hutegemea unsafePerformIO, jina linaloonya kwamba kitendo hicho si salama. Kwa kweli ni udanganyifu: hujitangaza safi ilhali inachapisha. Kwa hivyo huondolewa kasoro ikishapatikana, na ujumbe unaopaswa kudumu huandikwa kupitia IO, inayofuata mpangilio.