Kupona nyumbani baada ya upasuaji wa kuongeza matiti

Baada ya upasuaji wa kuongeza matiti, wengi huruhusiwa kurudi nyumbani siku hiyohiyo au kesho yake. Nyumbani kuna watoto, kuna kazi, na mara nyingi kuna siri. Kama hujamwambia mtu yeyote, mwambie japo mmoja: dada yako, rafiki au msaidizi wa nyumbani. Si lazima mtaa mzima ujue. Ila usiku wa kwanza unahitaji mtu mzima wa kuwa nawe, na wiki zinazofuata unahitaji mtu wa kukuinulia mtoto.

Mtoto na kazi za nyumbani

Mifuko ya silikoni mara nyingi huwekwa chini ya msuli wa kifua, na msuli huo ndio unaofanya kazi unapobeba, unaposukuma au unapovuta. Kwa kawaida hukatazwa kuinua vitu vizito kwa wiki 4 hadi 6. Mtoto wa mwaka mmoja ana kilo 9 au 10 hivi. Dumu la maji la lita 20 lina kilo 20. Usimfunge mtoto mgongoni kwa kanga, kwa sababu kanga hukaza kifuani. Akilia anataka kubebwa, keti kwenye mkeka aje mwenyewe, au mtu akuwekee mapajani.

Kusonga ugali, kukanda unga wa chapati na kufua kwa mikono ni kazi za kifua pia. Kuanika nguo kwenye kamba na kusuka nywele subiri hadi daktari akuruhusu kuinua mikono juu ya mabega. (Suka kabla ya siku ya upasuaji, utanishukuru.)

Hata hivyo usilale kutwa. Tembea kidogo ndani ya nyumba tangu siku ya kwanza, damu isigande miguuni.

Maumivu na mshono

Siku za mwanzo ndizo ngumu zaidi. Lala chali, kichwa na mgongo vimeinuliwa kwa mito, na vaa sidiria uliyopewa usiku na mchana kwa muda ulioambiwa. Kunywa dawa ulizoandikiwa tu. Diklofenaki au aspirini ya kujinunulia inaweza kuongeza kutokwa na damu.

Mama mkwe akija na beseni la maji moto akukande kama mzazi, mshukuru, lakini usikubali. Ngozi ya titi inaweza kuwa na ganzi kwa wiki au miezi, na utaungua bila kuhisi. Usipake chochote kwenye mshono ambacho hukupewa hospitali.

Matiti kukaa juu, kuwa magumu na kutolingana kidogo ni kawaida mwanzoni. Hulainika na kushuka taratibu.

Usisubiri asubuhi

Titi moja likivimba ghafla kuliko jingine, likakaza na kuuma sana, huenda damu inakusanyika ndani na utahitaji kurudishwa chumba cha upasuaji usiku huohuo. Nenda pia ukiwa na homa ya nyuzi 38 au zaidi, mshono ukitoa usaha au kufunguka, au ngozi ikiwa ya moto na uvimbe unasambaa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi. Mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana au kukosa pumzi ni dharura.

Hospitali yoyote utakayofika, sema umepasuliwa nini na lini. Usiseme ni jipu. Na useme "vipandikizi vya matiti", maana ukisema vipandikizi tu, muuguzi atakupapasa mkono kutafuta vile vya uzazi wa mpango.

Kadi inayoonyesha aina, ukubwa na namba ya vipandikizi vyako itunze pamoja na kadi za kliniki za watoto. Utaihitaji ukienda kupigwa picha ya matiti, na siku vitakapohitaji kubadilishwa, kwa kuwa havikutengenezwa kudumu maisha yote.