Kabla ya Kufika Maua

Tawi la miraa likishakatwa, saa huanza kuhesabiwa. Kathinoni, kemikali inayoipa miraa nguvu yake, hudhoofika ndani ya siku mbili hivi. Ndiyo maana mafungu huviringwa kwa majani ya mgomba na magari ya mji wa Laare huondoka mbio kuelekea Nairobi. Biashara hiyo imeujenga mji na kusomesha watoto wa eneo la Igembe. Imeleta pia ajali ambazo kila mkazi anazifahamu: mchumaji kuanguka kutoka mtini, gari kupinduka kwenye kona za milima ya Nyambene. Likitokea lolote, neno la kwanza ni moja: mpelekeni Maua.

Hospitali ya Maua ilianzishwa na wamishonari Wamethodisti mwishoni mwa miaka ya 1920. Wakati huohuo, mwaka 1928, chama cha huduma ya kwanza cha St John Ambulance kilianza kazi Kenya. Hospitali ilingoja mgonjwa afikishwe. Chama kilifundisha la kufanya kabla hajafikishwa. Tatizo ni kwamba, kwa mtu aliyeacha kupumua, mafunzo ya enzi hiyo yalikuwa na kasoro kubwa. Mbinu iliyoenea katika himaya ya Waingereza ilikuwa ya Edward Schafer, ya mwaka 1903: mgonjwa analazwa kifudifudi, mwokoaji anamkandamiza mgongoni. Mwaka 1932 Holger Nielsen wa Denmark akaongeza kuinua mikono. Watu walizifuata mbinu hizo kwa uaminifu, na wengi waliwapoteza wapendwa wao huku wakifanya kila walichofundishwa.

Kasoro ilifichuliwa Marekani. James Elam alikuwa ameonyesha kuwa hewa anayoitoa mwokoaji ina oksijeni ya kumtosha mwingine. Peter Safar, mzaliwa wa Vienna aliyefanya kazi Baltimore, akapima jambo hilo kwa watu waliojitolea kulazwa usingizi na misuli yao kulegezwa kwa dawa. Aliona kwamba aliyezimia huzibwa koo na ulimi wake mwenyewe. Ukimkandamiza mgongo, hewa haifiki kwenye mapafu. Ukiinamisha kichwa chake nyuma, ukainua kidevu na kumpulizia kinywani, kifua kinapanda.

Ulibaki moyo. Katika Johns Hopkins, mjini humohumo Baltimore, William Kouwenhoven alikuwa mhandisi wa umeme, si daktari. Alichunguza namna umeme unavyoua na unavyoweza kurudisha mapigo. Mwaka 1958 mwanafunzi wake, Guy Knickerbocker, aligundua kwamba vyuma vya mashine ya kurudisha mapigo kwa umeme vilipokandamizwa juu ya kifua cha mbwa, shinikizo la damu lilipanda hata kabla umeme haujawashwa. Pamoja na daktari wa upasuaji James Jude walichapisha matokeo yao Julai 1960: kati ya wagonjwa 20, 14 walipona. Hapakuhitajika kisu, wala chumba cha upasuaji. Mikono miwili ilitosha. Kwangu mimi, kwa mahali kama Laare, ugunduzi huo unazidi thamani ya mashine nyingi za hospitali, kwa kuwa ubongo uliokosa oksijeni huanza kudhurika baada ya dakika nne hivi, na hakuna gari linaloufikia mlango wa Maua kwa muda huo.

Vipimo vya leo vimetokana na miongo ya majaribio. Mtu mzima hukandamizwa katikati ya kifua kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na kila baada ya mara 30 hupewa pumzi mbili. Mtoto hukandamizwa hadi theluthi moja ya unene wa kifua, sentimita 5 hivi. Kichanga sentimita 4, na kinywa cha mwokoaji hufunika mdomo na pua yake kwa pamoja. Kwa watoto pumzi hazirukwi: mara nyingi mtoto hukosa hewa kwanza, kwa kupaliwa au kuzama, na moyo husimama baadaye. Kichanga aliyepaliwa hakandamizwi tumboni. Hulazwa kifudifudi juu ya mkono, kichwa chini, akapigwa mara tano kati ya mabega, kisha akageuzwa na kukandamizwa kifua mara tano.

Sheria za Kenya zilifuata polepole. Bunge lilianzisha Msalaba Mwekundu wa Kenya Desemba 1965. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, ilikataza mtu yeyote kunyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 ikasonga mbele zaidi, ikatamka kwamba matibabu hayo yanajumuisha huduma kabla ya hospitali. Chini ya mti wa miraa, huduma hiyo iko mikononi mwa wachumaji wenyewe. Aliyeanguka haburutwi kwa mikono na miguu hadi kwenye pikapu, maana shingo iliyovunjika huweza kumpoozesha njiani. Kichwa chake hushikwa kisitikisike. Asipopumua, shingo husubiri na kifua hukandamizwa palepale, juu ya ardhi ngumu, wenzake wakipokezana kila dakika mbili.