Mpira uliokataa kunyooka, na sheria ya mjomba

Najua nimepotea, kazi za watu zimenikalia shingoni. Leo naomba niweke kando mambo ya seva na hifadhidata, niandike kuhusu gofu. Usiondoke kwanza! Ni hadithi ya hitilafu, na kutafuta hitilafu ndiko kunakonilisha.

Mimi ni mtu wa Chebunyo, Bomet. Upande wetu huu wa Chepalungu ni wa ng'ombe na mahindi zaidi. Chai iko kule juu, ukipanda kuelekea Kericho. Huko Kericho, katikati ya majani chai, kuna uwanja wa gofu wa mashimo tisa. Gofu ilifika pande hizo na Wazungu wa chai, enzi za ukoloni, katika nchi ambayo wenyewe walisukumwa pembeni. (Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilitunga hata sheria ya kuuhamisha ukoo wa Talai hadi Gwassi. Hiyo ni hadithi ndefu na chungu, nitaiandika siku yake.) Waliobeba mikoba ya fimbo walikuwa vijana wa kwetu. Mjomba wangu alikuwa mmoja wa makedi hao kwa miaka mingi, na ndiye aliyenifundisha kushika fimbo, shambani baada ya mavuno, kwa draiva kuukuu aliyopewa na mchezaji mmoja.

Draiva ni ile fimbo ndefu yenye kichwa kikubwa, ya kupigia mpira wa kwanza. Haina undugu na dereva wa matatu, ingawa wote wawili wanaweza kukupeleka mtaroni. Shida yangu ilikuwa ile ya wengi, slaisi: mpira unaondoka vizuri, umenyooka, halafu katikati ya safari unakumbuka kwamba una shughuli zake upande wa kulia.

Mjomba alikuwa na sheria moja kuhusu jambo hili: "Mpira unaanza kule fimbo inakopita, unaishia kule uso wa fimbo unakotazama." Kwa hiyo mpira wangu ukianza umenyooka na kuishia kulia, njia yangu ni sawa, uso ndio umefunguka. Funga uso! Basi nikafunga. Mwaka mzima nikafunga. Mipira ikaanza kwenda kushoto, halafu ikapinda kulia vilevile. Nilikuwa na mapigo mawili mabaya badala ya moja.

Sasa tazama historia. Mwaka 1672 Isaac Newton, akiandika barua kuhusu nuru na rangi, alitaja kwamba amewahi kuona mpira wa tenisi uliopigwa kimshazari ukipinda njiani. Mwaka 1852 Mjerumani Heinrich Gustav Magnus alieleza kani inayosukuma kitu kinachozunguka ndani ya hewa, na mpaka leo jambo hilo linabeba jina lake. Mpira ukizunguka huku unasafiri, hewa hupita tofauti pande zake mbili, nao husukumwa upande mmoja.

Mtu aliyelileta jambo hili kwenye gofu ni Peter Guthrie Tait, profesa wa Edinburgh, katika miaka ya 1890. Alifunga utepe mrefu kwenye mpira, ukapigwa, kisha akahesabu utepe umejisokota mara ngapi. Sisi tungeita hiyo kusoma logi! Aligundua kwamba mpira uliopigwa vizuri huzunguka kinyumenyume, na mzunguko huo ndio unaoubeba hewani. Mwanawe Freddie alishinda ubingwa wa wachezaji wa ridhaa Uingereza mwaka 1896 na 1898, kisha akauawa Koodoosberg, Afrika Kusini, Februari 1900, katika vita vya Makaburu. Kila nikisoma habari za Tait nafikiria huyo mzee akibaki na hesabu zake bila yule aliyempigia mipira.

Kumbuka basi: hakuna mizunguko ya aina mbili, mmoja wa kuinua na mwingine wa kupindisha. Mpira una mhimili mmoja. Ukilala sawa na ardhi, mpira unapaa ukiwa umenyooka. Mhimili ukiinama, mpira unapinda, kama ndege inavyolaza bawa ikikata kona. Kinachouinamisha ni tofauti kati ya uso wa fimbo na njia ambayo fimbo inapita.

Mwaka 1968 Alastair Cochran na John Stobbs walitoa kitabu cha utafiti wa kisayansi kuhusu swing, nacho kilionyesha kwamba mpira huanza safari karibu na uelekeo wa uso, si wa njia. Mwaka 1994 mwanafizikia Theodore Jorgensen akayaeleza hayo kwa jiometria kamili. Na bado walimu wengi wa gofu wakaendelea kufundisha kinyume! Jibu lilikuwa limechapishwa, lipo maktabani, na watu wanaendelea na toleo lenye kasoro. Wenzangu wa programu mnaijua hali hiyo.

Kilichovunja ubishi ni rada. Mwaka 2003 ilianzishwa Denmark kampuni ya TrackMan, na mhandisi wake Fredrik Tuxen alikuwa ametokea kwenye rada za kufuatilia risasi na makombora. Mtambo ukawekwa nyuma ya mchezaji, ukasoma fimbo na mpira kwa pamoja. Kwa draiva, uelekeo wa kuanzia ni takriban asilimia 85 uso na asilimia 15 tu njia. Yaani:

mwanzo = 0.85 × uso + 0.15 × njia
kupinda hufuata (uso − njia)

Mwaka jana nililipia nusu saa kwenye uwanja wa mazoezi Nairobi wenye mtambo wa namna hiyo. Nikapiga kama nilivyokuwa nikipiga zamani, kabla ya kuanza kufunga uso. Hesabu kulia kuwa chanya na kushoto kuwa hasi. Njia: −6. Uso: +1. Weka kwenye fomula, mwanzo unatoka karibu sifuri, umenyooka kabisa, lakini tofauti ni digrii 7, na huko ndiko kupinda kuliko. Sasa fuata ushauri wa mjomba, funga uso kwa digrii 3: uso −2, njia ileile −6. Mpira unaanza kushoto na bado unapinda kulia. Mwaka wangu mzima ulikuwa kwenye mistari miwili! Uso wangu ulikuwa karibu sawa tangu mwanzo. Njia ndiyo iliyokuwa ikikata kutoka nje kuja ndani.

(Kuna mambo mengine. Ukigonga kwa upande wa kisigino cha fimbo, slaisi inaongezeka, hata kwa vichwa vikubwa vya siku hizi, ambavyo tangu 2004 vina kikomo cha sentimita za ujazo 460. Na wakazi wa nyanda za juu tumependelewa: Kericho iko zaidi ya mita 2,000, hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano kuliko pwani, kwa hiyo mpira unapinda kidogo. Slaisi inayovumilika Kericho, ukishuka nayo Nyali, Mombasa, utaiona sura yake halisi.)

Desemba nikaenda nyumbani na zile namba kwenye simu. Sikujua nianzie wapi. Mzee huyu alisomesha watoto kwa kazi ile, na mimi naja na grafu. Nikamwonyesha hata hivyo. Alitazama muda mrefu, akaniuliza, "Kwa hiyo wale wageni wangu niliwadanganya?" Nikasema walimu wenye vyeti nao walifundisha hivyohivyo. Hakujibu. Akavua slipa moja, akaiweka chini upande wa mbele wa mpira, shibiri moja hivi, nyuma kidogo. "Wale waliokuwa na slaisi sugu niliwawekea hii. Piga mpira, usiguse slipa."

Hapo nikanyamaza. Fimbo inayokuja kutoka nje lazima iigonge ile slipa. Ili uikwepe huna budi kuja kutoka ndani. Slipa ile inatibu njia, haigusi uso kabisa. Midomoni alikuwa na sheria mbaya, na mguuni alikuwa na dawa sahihi, miaka yote hiyo, na mimi hakunipa kwa sababu, anasema, niliuliza maswali mengi mno akaona nataka sheria.

Nikapiga. Mitatu ya kwanza ilikwenda vizuri, mmoja wao ukapinda kushoto kidogo, jambo ambalo sijawahi kuliona maishani. Wa nne nikapata tamaa ya kuukomesha, nikapiga slipa, ikaruka mpaka kwa ng'ombe. Mjomba akaifuata na mguu mmoja mtupu. "Njia bado ni −6," akasema.