Mtemi Aliyeweza Kufukuzwa

Nimekulia Kharumwa, na kwa muda mrefu nilikuwa naficha. Ukiwaambia washkaji wa mjini kwamba kwenu ni huko Geita, swali la kwanza ni dhahabu. Utadhani kabla ya mashimo hapakuwa na watu! Basi likizo moja nikakaa na babu chini ya mwembe, nikamwuliza: kabla ya serikali, nani alitutawala?

"Mtemi," akasema. "Lakini mjukuu wangu, usidhani alikuwa mfalme wa kwenye sinema."

Ndugu msomaji, neno lenyewe linatokana na kitenzi cha Kisukuma, gutema, yaani kukata. Wapo wasemao mtemi wa kwanza ni yule aliyetangulia kukata pori, watu wakaja kujenga nyuma yake. Wengine husema ni mtu wa kukata mashauri. Kwangu mimi yote mawili ni kazi, si cheo cha kukalia tu.

Zamani, katika tawala nyingi za Usukuma, mtoto wa mtemi hakurithi kiti cha baba yake. Kiti kilikwenda kwa mtoto wa dada wa mtemi, na wa kuchagua walikuwa wazee wa baraza, banang'oma. Hao ndio waliomsimika. Alipewa ngoma na kile kisahani cheupe cha kombe la baharini, kilichosafiri kutoka pwani. Makazi yake yaliitwa ikulu. Ndiyo, ikulu hiyo hiyo unayoisikia redioni kila siku!

Sasa sikia jambo lililonishangaza. Mtemi alidaiwa mvua. Alikuwa na waganga wa mvua, na mavuno yalikuwa juu yake. Ukame ukizidi, au akiwa katili, wazee waliomweka waliweza kumwondoa. Na mwananchi aliyechoka naye alifunga mizigo, akahamia kwa mtemi mwingine. Mtemi bila watu ni nani?

Wakaja Wajerumani, kisha Waingereza. Mwaka 1926 Waingereza walitunga sheria ya serikali za wenyeji, na mtemi akawa mtu wa mshahara. Akakusanya kodi, akasimamia amri za kilimo na mifugo. Aliyeweza kumfukuza sasa alikuwa bwana DC, si banang'oma. Ngoma ilibaki, mkataba ukavunjika.

Ndiyo maana mwaka 1958, serikali ilipoleta Geita baraza la watu wa rangi mbalimbali, wananchi walikataa kwa nguvu. Umati ulikwenda hadi Mwanza kudai haki, na polisi wakawatawanya kwa mabomu ya machozi. Hasira ile iliwagusa watemi pia, kwa kuwa walionekana wako upande wa mkoloni. Wengine huiita fujo. Mimi naiona kama kazi ya zamani ya wazee, sasa imeshikwa na watu wote: kumkataa mtawala asiyewasikiliza. Mwaka 1963, Tanganyika ikiwa huru, utawala wa machifu ulifutwa kisheria.

Ngoma hazikunyamaza kabisa. Nyingine zimehifadhiwa kwenye makumbusho ya Bujora, Kisesa. Na Septemba 2021, hapo hapo Kisesa, machifu walimsimika Rais Samia Suluhu Hassan kwa jina la Chifu Hangaya. Nilimsimulia babu habari hiyo. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu: "Na mvua ikikataa?"

Sikuwa na jibu. Ila tangu siku hiyo sifichi tena kwetu. Nilikuwa naona aibu kwa kijiji cha watu waliojua kwamba anayeweka ndiye anayeondoa, wakati mimi na elimu yangu yote nilikuwa sijawahi hata kuliuliza swali hilo.

Kijana mwenzangu unayetaka kuandika, anza hapo. Usingoje mgeni aje na daftari. Babu yako hatakungoja. Nenda kamwulize, na uandike leo.