Skafu Iliyofika Unguja kwa Njia Mbili

Mtoto wa Mji Mkongwe hufunzwa mapema kwamba mkono wa kushoto si wa kumpa mtu, seuze mkubwa. Skauti akaja na desturi iliyo kinyume: mwenzako wa kikosi mpe huo huo wa kushoto. Inasemekana Baden-Powell, jemadari wa Kiingereza aliyeanzisha skauti, aliuokota usalimiaji huo kwa Waashanti wa Afrika Magharibi. Agosti 1907 aliwapigisha kambi vijana 20 katika kisiwa cha Brownsea, mwaka wa pili akatoa kitabu, na skauti wakaenea kila ilipopepea bendera ya Uingereza. Unguja, iliyokuwa chini ya himaya hiyo tangu 1890, haikusazwa.

Katika Afrika ya Mashariki skauti aliingia kwa mlango wa skuli, na skuli za mjini Unguja zilikuwa kila jamii na yake. Waismaili walikuwa na ya Aga Khan, Wahindi wengine Euan Smith Madressa, Wagoa wakisoma kwa Wakatoliki. Ahadi ya skauti humtaja Mungu bila kutaja dini, kwa hiyo Muislamu, Mhindu na Mkristo wote waliweza kuitamka. Kuitamka kwenye gwaride moja ni hadithi nyingine.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 12, 1964, ulezi wa vijana ukashikwa na chama tawala cha Afro-Shirazi (ASP). Chini ya Umoja wake wa Vijana wakaundwa chipukizi: sare, nyimbo, gwaride, kazi za kujitolea. Mfano ulitoka nchi za kijamaa.

Kinachochekesha ni kwamba hao wajamaa nao walikopa. Mapaionia wa Urusi, mama wa vyama vyote vya watoto vya kijamaa, waliasisiwa Mei 1922, na Krupskaya, mkewe Lenin, alishauri waziwazi kwamba mbinu za skauti zichukuliwe na siasa yake itupwe. Skafu, ahadi, moto wa kambi, hata wito wa kuwa tayari, asili yake ni moja. Aliyevua skafu ya mkoloni akavalishwa binamu yake, iliyozungukia Moscow.

Nionavyo, kilichobadilika hasa ni idadi. Skauti hujifunza katika kikundi cha vijana sita hadi wanane. Chipukizi alionekana katika halaiki, maelfu kwa pamoja, katika Uwanja wa Amaan uliofunguliwa 1970. ASP na TANU, chama cha Tanzania Bara, zilipoungana Februari 5, 1977, CCM ikawarithi, na hadi leo chipukizi wamo ndani ya UVCCM, umoja wa vijana wa chama hicho.