Kibofu cha Bwana Graham

Ndugu zangu tuliolala mabweni yale, kila aliyesoma kemia hata kufikia Kidato cha Nne hana budi kuikumbuka Kanuni ya Graham. Tuliikariri kwenye foleni ya uji, daftari mkononi: gesi nyepesi husambaa upesi kuliko gesi nzito, na upesi huo hukadiriwa kwa kipeuo cha pili cha uzito. Kwa hesabu hiyo haidrojeni, ambayo uzito wa molekuli yake ni 2, huishinda kabonidayoksaidi yenye uzito wa 44 kwa mara 4.7 hivi. Tulipata maksi zetu, tukasahau. Jambo tusiloambiwa ni kwamba Graham mwenyewe ndiye aliyeonyesha, kwa kipande cha mpira, mahali ambapo kanuni hiyo haifui dafu. Nimeona heri niandike habari hiyo katika gazeti letu, kwa kuwa kazi aliyoianza kwa kibofu na mpira inatafutwa upya leo katika maabara nyingi, na sababu mojawapo ni sifa ambayo zamani ilihesabiwa kuwa kasoro, nayo ni kuoza.

Thomas Graham alizaliwa Glasgow, Uskochi, mwaka 1805. Baba yake alitaka awe mchungaji wa kanisa. Kijana akashikilia kemia, wakakosana hata baba akamkatia msaada. (Wapo miongoni mwetu waliotumwa kusomea udaktari wakarudi na digrii ya lugha. Wataelewa.) Mwaka 1829 alichapisha taarifa fupi juu ya kibofu cha mnyama. Alikuwa amekitia gesi ya makaa ya mawe kiasi cha theluthi mbili tu, kingali na unyevu wake, kisha akakiweka ndani ya chombo chenye kabonidayoksaidi. Baadaye alikikuta kimevimba na kukaza kama ngoma. Tundu halikuwepo. Graham akaeleza kwamba kabonidayoksaidi ilikuwa imeyeyuka katika unyevu wa kile kibofu, ikapita humo ikiwa katika hali ya maji, kisha ikageuka gesi tena upande wa ndani. Yaani haikupita kama mwizi apitavyo kwenye ufa wa ukuta, bali kama sukari iingiavyo katika chai.

Muda mfupi baadaye, mnamo 1831, daktari mmoja wa Philadelphia, Marekani, aitwaye John Kearsley Mitchell, aliona jambo la namna hiyo kwenye vibofu vya mpira wa asili. Alivijaza gesi mbalimbali, navyo havikunywea kwa mwendo mmoja. Iliyopotea upesi kuliko zote ilikuwa kabonidayoksaidi, wala si haidrojeni kama ambavyo mtoto wa Kidato cha Tatu angejibu kwenye mtihani.

Graham alilirudia suala hili uzeeni. Mwaka 1866, akiwa na miaka 60, alitoa vipimo vyake vya gesi zinazopita katika utando wa mpira. Yafaa ikumbukwe kwamba tangu 1855 alikuwa mkuu wa kiwanda cha Serikali cha kufua sarafu mjini London. Alikuwa mtumishi wa umma kama mimi, na hadi leo nashangaa alipata wapi nafasi. Akiuchukua mwendo wa naitrojeni kuwa 1, alipata oksijeni 2.6, haidrojeni 5.5, na kabonidayoksaidi 13.6. Gesi nzito kuliko zote katika orodha ndiyo iliyotangulia! Sababu ni ile ile ya kibofu: kwanza kuyeyuka, ndipo kupita. Kabonidayoksaidi huyeyuka vizuri katika mpira, na faida hiyo huufidia uzito wake na kuzidi. Tena kwa kuvuta hewa ya kawaida kupitia utando huo kwa pampu, Graham alipata hewa yenye oksijeni zaidi ya asilimia 40 badala ya 21, akaitumia kuwasha tena kijiti kilichokuwa kimebaki kaa tu.

Basi kwa nini viwanda havikuichukua kazi hii palepale? Kwanza, utando mnene hupitisha gesi kwa kusuasua mno, na mwembamba hupasuka. Pili, kibofu kikikauka hakifanyi kazi, na kikiachwa na unyevu huoza. Hapo ndipo penye kiini cha habari nzima: maji yale yale yanayoipitisha gesi ndiyo yanayowakaribisha vijidudu.

Njia ilifunguka kwa selulosi, ile inayojenga mti na pamba. Mwaka 1865 Mfaransa Paul Schützenberger aliitengeneza kuwa selulosi asetati. Karibu miaka mia moja ikapita. Ndipo Sidney Loeb na Srinivasa Sourirajan, katika Chuo Kikuu cha California mjini Los Angeles, wakitafuta namna ya kuondoa chumvi katika maji ya bahari, walipofanikiwa kuumimina utando wa selulosi asetati wenye ngozi nyembamba sana juu na sponji imara chini yake. Ngozi inachuja, sponji inabeba. Ugunduzi huo wa miaka ya 1960 ulihusu maji, lakini baadaye mafundi walijifunza kuukausha bila kuupasua, na katikati ya miaka ya 1980 tayari ulikuwa ukitumika kuondoa kabonidayoksaidi katika gesi asilia. Kabla kidogo, mwaka 1980, kampuni ya Monsanto ilikuwa imeanza kuuza nyuzi zenye uwazi katikati, mithili ya mirija myembamba, zilizotengenezwa kwa polisalfoni na kupakwa silikoni ili kuziba vitundu. Hizo zilikusanya haidrojeni katika viwanda vya amonia. Polisalfoni hutokana na mafuta ya petroli, na haiozi.

Kutooza huko kulisifiwa, na kwa haki: mwenye kiwanda anataka utando udumu miaka. Lakini hata huo unaodumu hufika siku ukachoka, ukang'olewa, na kufukiwa au kuchomwa moto. Ndiyo maana watafiti wameigeukia tena selulosi, na hapa kuna jambo ambalo mimi naliona zuri kuliko yote. Kila kiungo cha mnyororo wa selulosi kina nafasi tatu za kupachika asetati. Ukizijaza zote tatu, vijidudu hushindwa kuila isipokuwa kwa taabu kubwa. Ukijaza kama mbili tu, maji huingia na wao huila. Mtengenezaji basi anaweza kuchagua, katika sufuria ya kemia, utando wake uvumilie kiasi gani, ila kila nafasi anayoiacha wazi hubadili pia namna gesi zinavyoyeyuka na kupita.

Wengine wanajaribu kitosani, itokayo kwenye maganda ya kamba na kaa wa baharini. Ina viini vya amini vinavyoishika kabonidayoksaidi na kuipitisha, lakini hufanya kazi vyema ikiwa na unyevu. Ni kibofu cha mwaka 1829 kimerudi na mashaka yake yote. Asidi ya polilaktiki, itengenezwayo kutokana na wanga wa mahindi au sukari ya miwa, hupitisha kabonidayoksaidi kwa wepesi kuliko methani. Lakini ili ioze barabara huhitaji mboji yenye joto la karibu nyuzi 60, na mtu akiitupa shimoni nyuma ya nyumba ataikuta palepale mwaka unaofuata.

Wenzetu wenye mitambo ya gesi ya samadi watauliza linawahusu nini. Gesi yao kwa kawaida ina methani kiasi cha asilimia 60, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni kabonidayoksaidi. Kwa jiko la nyumbani hainyimi mtu ugali, lakini atakaye kuishindilia katika mitungi ya kuendeshea magari hana budi kuiondoa kwanza, na utando ni mojawapo ya njia za kuiondolea. Nyuzi zinazouzwa kwa kazi hiyo leo nyingi ni za polima za petroli. Selulosi asetati nayo bado imo kazini katika visima vya gesi asilia, baada ya miaka arobaini, ikiwa imejazwa asetati ya kutosha isioze.