Kisanduku cha risasi na njia ya Tchomia

Tarehe 7 Machi 2014, mjini The Hague, majaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, ICC, walimtia hatiani Germain Katanga, kiongozi wa wanamgambo, kwa shambulio la tarehe 24 Februari 2003 katika kijiji cha Bogoro, Ituri, mashariki mwa Kongo. Hawakumhukumu kama mtu aliyefyatua risasi. Walimhukumu kama mtu aliyezifikisha: silaha na masasi yaliyotoka Beni kwa ndege, yakashushwa Aveba, yakagawanywa kwa wapiganaji, kisha yakatumika. Jaji mmoja kati ya watatu, Christine Van den Wyngaert wa Ubelgiji, alipinga hukumu hiyo. Mwezi Mei mwaka huohuo Katanga alipewa kifungo cha miaka 12.

Bogoro iko kwenye barabara inayotoka Bunia kuteremkia Kasenyi na Tchomia, ufukweni mwa Ziwa Albert. Anayeishika Bogoro ameishika njia ya samaki, ya mafuta na ya bidhaa za Uganda. Wakati wa vita ameishika na njia ya silaha.

Hukumu ile iligusa jambo ambalo masimulizi ya vita vya Ituri hulipita mbio. Tunazoea kuhesabu bunduki. Lakini bunduki iliyotunzwa vizuri hudumu kizazi kizima na zaidi. Kinacholiwa na vita ni risasi, na kinachoipa bunduki risasi zake ni kisanduku kidogo kinachochomekwa tumboni mwake, magazini. Bunduki ya kisasa iliyopoteza magazini ni gongo la bei ghali. Kwa hiyo historia ya silaha kwenye ufuko huu ingefaa isomwe kuanzia kwenye kisanduku hicho, si kwenye mtutu.

Tuanze na Waunguja. Tarehe 25 Februari 1887 meli Madura iling'oa nanga Unguja ikiwa na Henry Morton Stanley, wapagazi na askari zaidi ya 600 walioandikishwa kisiwani, na abiria mmoja mashuhuri, Tippu Tip. Meli ilizunguka kusini mwa Afrika hadi mdomo wa mto Kongo. Kutoka huko msafara ulipanda mto, ukaingia msitu wa Ituri, na Desemba 1887 ukatokea kwenye nyanda zilizo juu ya ziwa, ukimtafuta Emin Pasha, gavana wa Equatoria. Kati ya mizigo yake zilikuwamo Remington 510 na Winchester 50, pamoja na bunduki moja ya mashine aliyoitoa Hiram Maxim mwenyewe. Remington ilikula risasi moja tu: fyatua, fungua, toa ganda, tia nyingine. Winchester ilikuwa na bomba chini ya mtutu lenye risasi zilizopangwa mkia kwa kichwa, na mpiganaji alichohitaji ni kushusha na kupandisha mkono wa chuma ili inayofuata iingie mahali pake. Watu wa Mazamboni, mtawala wa nyanda hizo, waliupinga msafara kwa pinde na mikuki. Majina ya Stanley na Emin yamejaa vitabuni. Waunguja waliobeba masanduku ya risasi vichwani, wakafa kwa mamia msituni, hawana hata barabara iliyopewa jina lao.

Miaka miwili baadaye, 1889, kilianzishwa kiwanda huko Herstal, Ubelgiji, kwa ajili ya kazi moja: kulitengenezea jeshi la Ubelgiji Mauser 150,000 zenye kisanduku cha risasi tano chini ya chumba cha risasi. Kiwanda hicho ni FN, na jina lake litarudi. Mwaka uliofuata, tarehe 2 Julai 1890, mataifa yalikutana katika mji mkuu wa nchi hiyohiyo yakatia saini Sheria ya Brussels. Ndani yake yaliafikiana kuzuia bunduki za kisasa zisiingizwe Afrika kati ya latitudo 20 kaskazini na 22 kusini. Magobori ya jiwe na baruti ya kawaida yangeweza kuuzwa kwa masharti. Bunduki zenye mtutu wa mifuo na risasi nyingi zilibaki kwa serikali na watu wake. Sababu iliyotajwa ni kukomesha biashara ya watumwa. Sababu haikuwa ya uongo, ila ilikuwa na manufaa makubwa kwa waliokuwa wakizigawana nchi hizo. Ituri ilikuwa katikati ya ukanda huo. Kwa hesabu hiyo, marufuku ya kwanza ya kimataifa ya silaha iliyoihusu Ituri ilitangulia ile ya Umoja wa Mataifa kwa miaka 113.

Hata askari wa Force Publique, jeshi la koloni lenyewe, walikaa muda mrefu na Albini, bunduki ya risasi moja moja iliyopitwa na wakati; walikuwa nayo bado Vita Kuu ya Kwanza ilipoanza. Unaweza kusema ni ubahili. Unaweza pia kusema kwamba mkoloni alilala vizuri zaidi akijua askari wake lazima asimame kila baada ya mlio mmoja.

Bunduki inayojipakia yenyewe ilikuja baada ya Vita ya Pili. Mhandisi wa FN, Dieudonné Saive, alibuni FN-49, na koloni la Kongo lilikuwa miongoni mwa walioinunua. Ilifyatua risasi moja kwa kila mvuto wa kifyatulio, bila kuvuta komeo. Lakini magazini yake ya risasi 10 ilikuwa imefungwa kwenye mwili wa bunduki, ikijazwa kutoka juu. Ikiisha, unasimama kuijaza. Saive huyohuyo, akishirikiana na wenzake, alifuata na FAL. Hiyo ilikuwa na kisanduku cha risasi 20 kinachochomolewa na kuchomekwa kingine kwa sekunde chache. Askari sasa alihesabu magazini alizobeba kiunoni, na idadi hiyo ndiyo ilikuwa urefu wa vita vyake. FAL ilipigana katika kila fujo ya Kongo ya miaka ya 1960.

Kalashnikov nayo iliingia eneo hili ikiwa na Wasimba, waasi wa Kongo, na wafadhili wao. Waasi waliitwaa Kisangani Agosti 1964, wakafika Bunia, na mapema mwaka 1965 mamluki wa Mike Hoare wakatumwa kuufunga mpaka wa Uganda na Sudan ambako misaada ilipitia. Februari 1965 ndege za serikali ya Kongo zilipiga mabomu Paidha na Goli, upande wa Uganda. Kisha likaja tukio ambalo Wakenya wa rika la wazee hawajalisahau: Mei 1965 polisi wa Kenya walikamata magharibi mwa nchi msafara wa malori yenye tani 75 hivi za silaha za Kichina, yakitoka Tanzania kwenda Uganda bila Nairobi kuarifiwa. Milton Obote alilazimika kwenda Nairobi kumtuliza Jomo Kenyatta. Malori yalikamatwa, lakini njia zilikuwa zimekwisha kujulikana.

Kwa nini bunduki hii ilishinda nyingine zote mashambani na ziwani? Jibu la haraka ni kwamba haikwami, na jibu hilo linahusu mtutu na pistoni yake ya gesi. Nusu ya jibu iko kwenye magazini. Wanaojua Sten, bunduki ambayo Waingereza walikuwa nayo vita vya Kenya vya miaka ya 1950, wanakumbuka magazini yake ya risasi 32: safu mbili zilizobanwa kuwa moja karibu na mdomo. Palepale zilipobanana ndipo zilipokwama, na askari walijifunza kuijaza pungufu. Magazini ya Kalashnikov haibani. Safu mbili zinabaki mbili hadi juu, risasi moja hutoka kushoto na inayofuata kulia. Kupinda kwake si urembo pia: kasha la risasi yake ni pana zaidi kitakoni kuliko mbele, kwa hiyo thelathini zikipangwa juu ya nyingine zinapinda zenyewe, na kisanduku kikafuata umbo lao.

Warusi nao hawakupata iliyo bora kwa mara moja. Za kwanza, baada ya bunduki kupokewa jeshini 1949, zilikuwa za bati nene, nzito, karibu nusu kilo kabla ya risasi. Baadaye wakapunguza unene wa bati na kulitia mifuo ya kuliimarisha. Wakajaribu alumini, nyepesi kweli, lakini haikukaa jeshini muda mrefu. Mdomo wa magazini ndio unaobeba kazi yote, na metali laini hulegea. Mwishowe ikaja plastiki ya rangi ya kahawia na chungwa, mdomo wake ukiwa umewekewa chuma. Wachina, Waromania na wengine walitengeneza zao kwa vipimo vilevile. Hapo ndipo ubaya wake kwa Ituri ulipo: magazini ya Urusi inaingia kwenye Type 56 ya China, na iliyoporwa kwa adui Jumatatu inafanya kazi Jumanne bila fundi yeyote. Majeshi na makundi yaliyopishana hapa yalibadilishana bendera na washirika, huku mengi yakitumia bunduki za ukoo mmoja na risasi ya aina moja.

Kutengeneza kisanduku hicho kichakani ni kazi nyingine kabisa. Wapiganaji wa Mau Mau waliunda bunduki kwa bomba la maji na komeo la mlango, zenye risasi moja. Kisanduku cha bati chenye mdomo wa kupimwa na springi isiyochoka kinahitaji kiwanda, na kiwanda kinamaanisha njia ya kukifikisha.

Vita vya Ituri vilipoanza Juni 1999 kwa ugomvi wa mashamba huko Djugu, wengi walikuwa na mishale na mapanga. Miaka minne baadaye Umoja wa Mataifa ulikadiria waliokufa kuwa 50,000. Katikati ya tarehe hizo kuna majeshi ya kigeni, na kuna bunduki zilizogawiwa. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ilisema Desemba 2005 kwamba Uganda ilikuwa mkaliaji wa Ituri, na Februari 2022 ikaiamuru ilipe dola milioni 325. Bunduki hizo nyepesi ziliingia hadi mikononi mwa watoto. Katika kesi ya Thomas Lubanga, kiongozi wa wanamgambo wa Ituri aliyetiwa hatiani Machi 2012 kwa kuwaandikisha na kuwatumia watoto walio chini ya miaka 15, majaji waliangalia mkanda wa video wa kambi ya Rwampara uliorekodiwa 12 Februari 2003.

Tchomia, makao ya utawala wa Bahema-Banywagi na ngome ya kundi la PUSIC la chifu Kahwa Panga Mandro, ililipa vibaya. Askari wa Uganda walianza kuondoka Bunia 6 Mei 2003. Tarehe 30 Mei Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 1484, likituma kikosi kilichoongozwa na Ufaransa kuilinda Bunia. Kuilinda Bunia tu. Kesho yake, 31 Mei, Tchomia ikashambuliwa, na watu wakauawa hata ndani ya hospitali. Ukilisoma azimio lile leo, ukiwa na tarehe hizo mbili kichwani, maneno ya kidiplomasia hayasomeki kwa utulivu.

Tarehe 28 Julai 2003, azimio namba 1493 liliwapiga marufuku wote kuyapelekea silaha na vifaa vyake makundi ya Ituri na Kivu mbili. Karatasi ilikuwa nzuri. Lakini Ziwa Albert lina urefu wa kilomita 160 hivi na upana wa karibu 30, na mtumbwi wenye samaki hauna tofauti na mtumbwi wenye samaki juu na masanduku chini. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliendelea kuandika kuhusu ulegevu wa mpaka huo, hadi Aprili 2005 azimio namba 1596 likaikaza marufuku na kuieneza Kongo nzima. Miezi miwili kabla, Februari 25, askari tisa wa Bangladesh wa MONUC, kikosi cha Umoja wa Mataifa nchini Kongo, walikuwa wameuawa karibu na Kafe, si mbali na ziwa.

Kuanzia Septemba 2004 mpango wa kunyang'anya silaha Ituri uliwapokea wapiganaji zaidi ya 15,000. Wengi walileta bunduki kuukuu, nzuri zilibaki. Aliyekabidhi bunduki alihesabiwa kuwa amekabidhi silaha, na magazini na risasi zilikuwa jambo la pembeni. Nadhani ndipo hesabu ilipokosewa. Desemba 2017 machafuko yaliporudi Djugu, washambuliaji wa mwanzo walitumia mapanga na mishale tena. Kisha waliiba bunduki kwa jeshi, na risasi zake. Mwanzoni mwa 2018 makumi ya maelfu ya watu walivuka ziwa kwenda Uganda, wengi wao kwa mitumbwi kutoka Tchomia na fukwe za jirani.

Sheria imeanza kufikia kisanduku, polepole. Mkataba wa Kinshasa wa nchi za Afrika ya Kati, uliopitishwa 30 Aprili 2010 na kuanza kutumika 8 Machi 2017, unataja silaha ndogo, risasi zake na vipuri vyote vya kuziunda au kuzitengeneza. Taratibu za Umoja wa Mataifa za kufuatilia silaha, za Desemba 2005, zinataka namba ya pekee ichorwe kwenye mwili wa bunduki. Magazini hazilazimiki. Ya kiwanda cha Izhevsk, Urusi, hubeba mshale ndani ya pembetatu, ya kiwanda cha Tula hubeba nyota. Hizo ni alama za kiwanda, na hakuna kati ya hizo inayomwambia mkaguzi gatini Tchomia ilitoka ghala la jeshi gani.